Lehemu Nzuri ya Mzee Hemedi

Siku ya hitma ya Bi Zuwena, wanawake wakiwa bado uani wanapakua chakula, binti yake Raya alinishika mkono akaniingiza katika chumba cha pembeni cha nyumba yao ya Gongoni, Tabora. Kilikuwa chumba chake yeye alipokuwa msichana, na kwa mwaka mmoja, alipokwenda chuo Dar es Salaam, nililala humo mimi. Sasa ni stoo. Nilikuta magunia mawili ya mchele, jokofu bovu, na godoro lililoegemezwa ukutani mahali kilipokuwa kitanda. Raya alifunga mlango. Wote wawili tunakaribia miaka hamsini, tuna wajukuu, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukisalimiana vizuri kwenye harusi na misiba bila kukaa peke yetu hata mara moja. "Vero," akasema, "mwaka ule mimi nilikuja matangani tu, nikarudi chuoni. Mama sikuwahi kumuuliza, niliogopa kumwumiza. Wewe ulikuwa humu ndani mwaka mzima. Baba alikufaje?" Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu watu: moyo, na kisukari. "Hayo yameandikwa kwenye cheti," akasema. "Nakuuliza wewe uliyekuwepo."

Nimefanya kazi ya maabara tangu mwaka ule mpaka leo. Nimewafundisha vijana wengi namna ya kupima damu, na kila kundi jipya nimeliambia kwamba majibu ya mgonjwa hayatoki mdomoni mwa mpimaji. Sikuwahi kuwaambia nilijifunzia wapi. Siku ile ya hitma nilikaa juu ya gunia la mchele nikamsimulia Raya, na haya ndiyo niliyomsimulia, ingawa hapa nimeyapanga vizuri kuliko yalivyonitoka.

Nilifika Tabora kwa treni kutoka Kaliua mwezi wa tatu, mvua zikielekea kwisha, cheti changu cha maabara nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Hospitali ndogo iliyonichukua ilinipa mwaka mmoja wa majaribio, na karani wake akanielekeza kwa Mzee Hemedi, mfanyabiashara wa asali na nta, kwamba binti yake amekwenda chuo na chumba kiko kitupu. Nilikuwa Mkatoliki wa kijijini ambaye hajawahi kula sinia moja na Waarabu, nikategemea kupewa kona yangu na jiko langu la mkaa. Bi Zuwena alilitazama jiko nililokuja nalo kichwani, akalichukua, akaliweka nyuma ya banda la kuku. "Hapa hatupiki majiko mawili," akasema. Sikulitumia tena. Nyumba ilikuwa na kuta nene za udongo zilizopakwa chokaa, ndani baridi hata saa saba mchana, na harufu ya nta ilikuwa imeingia kila mahali, mpaka kwenye nguo zangu za kazini. Dirisha langu lilikuwa juu ya baraza ya mbele, ambapo kila alasiri Mzee Hemedi na wenzake walikunywa kahawa, kwa hiyo nilizijua habari za mji wote bila kuzitafuta.

Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko sura za watu niliosoma nao. Asubuhi chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, au michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga kama jana yake kulikuwa na wageni waliomaliza unga. Mchana, niliporudi kutoka kazini saa tisa alasiri, nilikuta nimewekewa: wali na mchuzi wa mbuzi, au ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yaliyoungwa kwa karanga. Bi Zuwena alikaangia kila kitu kwa samli. Alinunua kwa Wasukuma waliopita na ng'ombe, akaichemsha upya mwenyewe, akaitunza kwenye kopo kubwa la bati juu ya kabati, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Alikuwa mwanamke mkimya, mwembamba, na nadhani upikaji ndiyo ilikuwa namna yake ya kuzungumza na mumewe. Mzee Hemedi alikula akisifu. "Zuwena, leo umenikosea adabu," angesema, maana yake ameshindwa kujizuia, na Bi Zuwena angegeuza uso pembeni ili tusimwone akitabasamu.

Mzee alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alikisema wazi, kama mtu anayemtaja mpangaji msumbufu. Chai alikunywa bila sukari, hilo alilishika barabara, lakini kila ndoo ya asali iliyoletwa kutoka Ipole aliifungua, akachovya kidole na kuonja, na kabla ya siku kwisha alikuwa ameonja ndoo ishirini. "Asali ya msituni haijawahi kumdhuru mtu," alisema. Wafugaji nyuki wa Ipole walimletea pia tumbaku, majani makavu ya shambani mwao, na hayo aliyasokota katika karatasi na kuyavuta tangu alfajiri. Hapo napo alikuwa na maelezo yake. Sigara za dukani zina dawa, hizi ni majani tu. Leo nikisikia mtu anasema neno "asili" namna ile, namkatiza. Wakati ule nilicheka. Nilimpenda, na nisiposema hivyo hadithi hii yote haitaeleweka. Kila nilipotoka chumbani asubuhi, nikasema "Shikamoo Baba," aliacha alichokuwa akifanya, akasema "Marahaba mwanangu, umelalaje?" kisha akasubiri jibu. Hakuna mwanamume mzima aliyewahi kusubiri jibu langu.

Mwezi wa saba hospitali ilileta mashine ya kupima mafuta ya damu. Kabla ya hapo damu za namna hiyo zilipelekwa Mwanza. Daktari Masanja, aliyekuwa akimtibu Mzee Hemedi, alikuwa wa kwanza kuitumia, na miongoni mwa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwa yeye. Nilimtoa damu mwenyewe. Nikaizungusha mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu, nikayapima, nikaandika majibu kwenye fomu. Lehemu mbaya, ile watu wanayoiita kolestro na kuiogopa, ilikuwa juu. Lakini lehemu nzuri nayo ilikuwa juu sana, juu kuliko ya mtu yeyote niliyempima wiki ile, hata vijana. Fomu ilitakiwa kwenda kwa daktari, na ilikwenda. Kosa ni kwamba na mimi nilikwenda nayo nyumbani kichwani.

"Enhe, mwanangu," Mzee Hemedi aliniuliza mchana ule kabla hata sijanawa. "Damu yangu inasemaje?" Tulikuwa watatu kwenye mkeka. Bi Zuwena aliacha kupakua. Ningeweza kusema kwamba daktari atamwambia. Nilisema kwamba lehemu ziko mbili, mbaya inayojibandika kwenye kuta za mishipa, na nzuri inayoibandua na kuirudisha kwenye ini ikamalizwe huko. Nikasema hiyo nzuri inalinda ngozi laini iliyotandikwa ndani ya mshipa, isichubuke, isivimbe. Nikasema yeye anayo nyingi kuliko vijana. Nilikuwa natumia mikono, nikionyesha mshipa kwa kukunja viganja, na wao wawili walikuwa wananitazama kama ninavyowatazama wajukuu zangu wakisoma kwa sauti. "Kuliko vijana?" akauliza. "Kuliko vijana, Baba." Akamgeukia mkewe. "Umesikia, Zuwena? Umekuwa ukinilisha walinzi." Bi Zuwena akaniongezea nyama.

Kesho yake, kupitia dirishani, nilimsikia akiwaeleza wenzake barazani. Aliyakumbuka maneno yangu yote, akayapanga vizuri kuliko mimi, mpaka ile ngozi laini ya ndani ya mshipa. Mmoja wao, jirani muuza vitambaa, akauliza kama hao walinzi wanaweza kununuliwa. Wakacheka. "Hawanunuliwi," akasema Mzee Hemedi. "Mtu unazaliwa nao. Nimepimwa na daktari wetu wa humu ndani." Nilikuwa nimekaa kitandani na sindano ya kushonea mkononi. Daktari wetu wa humu ndani. Nilirudia maneno hayo kimoyomoyo siku nzima, nikiwa mtu ambaye cheti chake hakikuwa na hata mwaka.

Wiki ya tatu ya mwezi wa nane nilipeleka fomu za wagonjwa ofisini kwa Daktari Masanja, akanizuia mlangoni. Alikuwa mtu wa Shinyanga, mrefu, mwenye haraka, ambaye hakuzoea kuongea na watu wa maabara zaidi ya neno moja. "Yule mzee wa asali si unakaa kwake? Mbona haji kliniki?" Nikasema nasikia anaona yuko vizuri, kwamba lehemu yake nzuri ni nyingi. Akaniangalia. "Nani kamwambia?" Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka, na nilijua kwamba jibu la kweli lingeweza kunirudisha Kaliua kabla ya jioni. "Sijui, Daktari," nikasema.

"Basi huyo aliyemwambia amemwambia nusu." Akanionyesha kiti. Nadhani alikuwa na hasira inayohitaji mtu wa kuisikiliza, na mimi ndiye niliyekuwepo. "Sikiliza, wewe ni mtu wa damu, utaelewa. Ndani ya mshipa kuna utando, safu moja tu ya seli, basi. Huo utando ndio unaoamua mshipa utanuke au ubane, damu iteleze au igande. Lehemu nzuri ikipita, inaugusa. Seli zinatoa hewa fulani, mshipa unalegea. Uvimbe unatulia. Seli hazifi kabla ya wakati wake, na pakichubuka, mpya zinawahi kuziba. Hiyo ya kubeba mafuta kuyapeleka kwenye ini ni kazi mojawapo tu." Nikaitikia. Mpaka hapo alikuwa akinisomea nilichosema mkekani, kwa maneno bora. "Sasa mchukue mtu wa kisukari anayevuta tumbaku kutwa. Sukari inaing'ang'ania ile lehemu. Moshi unaiunguza. Kwa kawaida wavutaji wanayo kidogo, yeye pengine amerithi nyingi, na ndiyo imemdanganya. Inabaki na jina lake, mashine yako inaihesabu, lakini kazi haifanyi tena. Wengine huwageuka kabisa, ikachochea uvimbe ule ule iliyotakiwa kuutuliza. Mashine inakwambia ipo kiasi gani. Haikwambii inafanya nini." Akasimama. "Mwambie aje. Ameze dawa, aache tumbaku. Utando wa mishipa yake hauna wa kuulinda."

Nilitoka na ujumbe ulio wazi, wa maneno machache, na nyumba ya kuupeleka ilikuwa umbali wa kutembea kwa dakika kumi na tano. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiria nini njiani. Nakumbuka nilipanga kusema baada ya kula. Baada ya kula Mzee akaniuliza kama ni kweli mtu anaweza kumpa mwenzake damu, nikamweleza, akafurahi. Nikapanga kusema Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na wageni wa Ipole. Mwisho nilimwambia, "Baba, Daktari Masanja anakusalimu, anasema upite kliniki," naye akasema, "Msalimie, mwambie walinzi wangu hawajambo," na mimi nikacheka. Ndivyo nilivyoufikisha ujumbe. Kumwambia yaliyobaki kungetaka nimwambie kwamba nilichomwambia mkekani hakikuwa kamili, kwamba mimi si daktari wa humu ndani wala wa popote, na kwamba nimemdanganya daktari wa kweli. Kila siku iliyopita iliongeza jambo la kueleza.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa alinichukua kwenda Kwihara, alikokuwa na shamba la mihogo na karanga. Alikwenda kwa miguu kila Jumapili, kwa makusudi, kwa kuwa njia ile ndiyo waliyopita wazee wake na misafara ya mizigo, kutoka pwani mpaka Ujiji. "Miguu ya ukoo wetu iliumbwa kwa safari," aliniambia tulipouacha mji. Jua lilikuwa kali, majani yote makavu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Baada ya mwendo mfupi akasimama. Akanionyesha shamba la mtu pembeni ya njia, akaniuliza kwetu Kaliua mihogo inapandwa kwa nafasi gani. Nikamjibu. Tukaendelea. Baada ya mwendo ule ule akasimama tena, akaniuliza habari za mti fulani. Mara ya tatu niliangalia mguu wake badala ya mti. Alikuwa amekinyanyua kisigino kidogo, vidole tu vimegusa chini, na mkono wake ulikuwa unaikanda misuli ya nyuma ya mguu juu ya kanzu, polepole, nisione. Tulikuwa tumesomeshwa dalili ile chuoni. Mtu anatembea, mguu unauma kwa kukosa damu, anasimama, maumivu yanaisha, anatembea tena umbali ule ule. Mwalimu wetu alituambia kwamba wagonjwa wengi wanaifunika kwa kusimama kutazama vitu. Njia nzima ya Kwihara Mzee Hemedi alitazama vitu, na mimi nilimjibu kila swali.

Mwezi wa kumi Bi Zuwena aliniita uani alikokuwa akifua. Alikuwa ameshika karatasi za vidonge zilizolowa, alizozikuta mfukoni mwa kanzu, vidonge vyote vikiwa bado ndani. Zilikuwa dawa za lehemu, alizopewa kliniki mwezi wa saba. "Anasema hazihitaji," akaniambia. "Anasema wewe umemwambia damu yake inajilinda. Mimi sikusoma, Vero. Ni kweli?" Povu lilikuwa linamdondoka kwenye viwiko. Hakuna mtu aliyewahi kunipa nafasi nzuri zaidi ya hiyo. Tulikuwa wawili tu, aliniuliza kwa sauti ya chini, na alitaka kujua. "Daktari ndiye anayejua, Mama," nikasema. Akaziangalia zile karatasi kidogo, kisha akazianika juani pamoja na nguo, kana kwamba zingeweza kufaa tena.

Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa kumi na moja, kidole kidogo cha mguu wa kushoto wa Mzee Hemedi kilichubuliwa na kiatu. Jeraha lilikuwa dogo kama punje ya mahindi. Alilipaka asali, akalifunga kitambaa, na kwa siku kumi alisema linapona. Niliisikia harufu kabla sijaona kitu, nikiwa chumbani mwangu, imepita juu ya harufu ya nta. Nilipomwomba anionyeshe, kidole kilikuwa cheusi na weusi umeanza kupanda. Siku ile nilipiga kelele. Nilimwambia Bi Zuwena alete teksi, nikamshika Mzee mkono, na nilikuwa na ujasiri mwingi, kwa kuwa sasa ukweli ulikuwa umejionyesha wenyewe na mimi sikuwa na haja ya kuutamka.

Walijaribu kukata kidole. Hakikutoka damu ya kutosha, na jeraha halikupona. Mwezi wa kumi na mbili walikata mguu chini ya goti. Daktari Masanja alinikuta kwenye korido baada ya upasuaji, bado amevaa kofia ya kijani. Akasema mishipa ya mguu ilikuwa imeziba kwa miaka, na ya moyo pengine hivyo hivyo. Nikamuuliza kama angeanza dawa na kuacha tumbaku mwezi wa nane, ingesaidia. Hakuniuliza kwa nini nimetaja mwezi wa nane. "Pengine," akasema. "Mguu, pengine. Moyo, sijui." Nimeishi na hilo pengine tangu siku ile. Lingekuwa ndiyo au hapana, ningejua la kufanya nalo.

Nilimwambia Mzee Hemedi mwezi wa kwanza, wodini, saa ya kutazama wagonjwa. Bi Zuwena alikuwa ameenda kuchota maji ya kumwosha. Nilikuwa nimemletea uji, na alikuwa ameunywa nusu. Nilimwambia yote niliyoambiwa na daktari: kwamba lehemu nzuri ilikuwa nyingi lakini imeharibika, sukari na moshi vimeiharibu, kwamba utando wa mishipa yake ulikuwa unachubuka siku zote hizo bila kinga, na kwamba nilijua. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama alivyonisikiliza siku zote.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mwezi wa nane, Baba."

Akafikiri. Niliona anahesabu. "Mwezi wa nane," akasema, "nilikuwa naenda Kwihara kwa miguu." Hakusema kwa ukali. Akanirudishia bakuli. "Nifunike, nasikia baridi." Nikamfunika, mguu mmoja na mahali palipokuwa na wa pili. Bi Zuwena aliporudi na ndoo akadhani Mzee amelala. Baada ya siku ile Mzee aliendelea kuniita mwanangu, na kunipokea, na kuniuliza nimelalaje. Lakini hakuniuliza tena habari yoyote ya damu, wala ya mwili, wala ya kitu chochote nilichosomea. Tumbaku aliacha bila kuambiwa. Wenzake wa barazani walipokuja kumtazama, mmoja akataja wale walinzi kwa kumchangamsha, naye akageuzia uso dirishani.

Alikufa mwezi wa pili, saa nne asubuhi, wodini, moyo. Nilikuwa maabara. Daktari alikuwa ameagiza vipimo vyake asubuhi ile, chupa imeandikwa jina lake kwa mwandiko wa nesi, na ilikuwa inazunguka kwenye mashine wakati karani alipoingia kuniambia. Karani akasema niache kila kitu niende. Nikasema ndiyo, akatoka. Kisha sijui kwa nini, nilisubiri mashine isimame, nikayatoa maji ya damu, nikayapima. Lehemu yake nzuri ilikuwa juu vile vile. Niliyaandika majibu kwenye fomu, safi, kila tarakimu kwenye kisanduku chake, na ndipo nikavua koti.

Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi, na Raya alifika kesho yake kwa treni. Wiki ya pili ya eda ya Bi Zuwena, Raya akiwa amesharudi chuoni, nilimkuta mama yake jikoni amesimama juu ya kigoda, ameliteremsha lile kopo la samli. Alilibeba mpaka nyuma ya banda la kuku, akachimba shimo kwa jembe dogo, akaimwaga yote, akafukia. Kisha akanigeukia, mikono inang'aa mafuta. "Wewe umesoma, Vero. Nimesikia wanawake wanasema mafuta ndiyo yanayoziba mishipa. Nimempikia miaka thelathini. Ni samli yangu, siyo?"

Samli ilikuwa na sehemu yake, sitaki kusema uongo wa upande wa pili. Lakini ilikuwa ndogo mbele ya tumbaku, na mbele ya sukari, na mbele ya vidonge vilivyokaa mfukoni tangu mwezi wa saba kwa sababu ya maneno yangu. Ningemwambia hivyo, na swali lake la pili lingekuwa kwa nini sikumjibu siku aliponionyesha vidonge. "Mafuta mengi si mazuri, Mama," nikasema. Hakuna mtu wa maabara anayeweza kulipinga neno hilo. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea hukumu aliyoitegemea, akaenda kunawa. Mwisho wa mwezi wa tatu hospitali ilinithibitisha kazini. Nikahamia chumba cha kupanga Isevya. Bi Zuwena alinirudishia jiko langu la mkaa, amelisugua likawa kama jipya.

Nilipofika hapo katika kumsimulia, Raya alikuwa ameacha kunitazama muda mrefu. "Mama alikuwa anakula vya kuchemsha," akasema. "Miaka yote. Wali mkavu, mboga za chumvi na maji. Nilimpeleka Muhimbili, wakampima kila kitu, wakamwambia mama wewe mzima, kula vizuri. Akirudi nyumbani ni vile vile. Wajukuu walikuwa wanakataa kula kwake." Nikasubiri aniulize habari ya baba yake, ya mwezi wa nane, ya njia ya Kwihara. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu.

"Ungemwambia Mama," akasema.

Nje mtu akamwita, wageni wa Kigoma wamefika. Alijifuta uso kwa ncha ya ushungi, akafungua mlango, akatoka. Hakunifukuza, wala hakuniambia nibaki. Nilikaa mle stoo mpaka kisomo kilipoanza, kisha nikaenda uani, nikakunja mikono ya gauni, nikachukua majivu na kuanza kusugua masufuria pamoja na wanawake wengine. Nililia mpaka sufuria la mwisho likaisha, na hakuna aliyeniuliza sababu, kwa kuwa ule ulikuwa msiba.